Baada ya Hundi ya Mfano: Mwongozo Kamili wa Kupanga Utunzaji wa Wafadhili wa Chuo Kikuu

Kamati ya harusi huvunjwa kwa kikao. Mweka hazina husimama, akasoma kilichokusanywa, kilichotumika na kilichobaki, na hata yule aliyechanga shilingi 50,000 huondoka akijua fedha yake ilikwenda wapi. Mtu huyohuyo akichangia shilingi 5,000,000 katika mfuko wa ufadhili wa masomo wa chuo alichosoma, hupigwa picha akiwa ameshika hundi ya mfano, hupewa barua ya shukrani, kisha hasikii neno lolote mpaka siku chuo kitakapohitaji fedha tena.

Mwongozo huu ni kwa maofisa wa uhamasishaji rasilimali, wa uhusiano na wa Baraza la Masajili (chombo cha wahitimu wa chuo) ambao wameshaandaa mpango wa kuwatunza wafadhili, pengine zaidi ya mara moja, na kila mara mpango huo ukafa kabla ya kumaliza mwaka. Mipango mingi niliyopata kuiona huanza na matukio: chakula cha jioni, ngao za shukrani, kadi za sikukuu. Kosa liko hapo. Mpango haufi kwa kukosa matukio. Hufa kwa sababu ofisi inayoandika barua haina njia ya kujua fedha zilifanya nini. Kwa hiyo katika mwongozo huu njia ya taarifa inajengwa kwanza, kalenda inafuata, na zawadi zinakuja karibu na mwisho.

Mifano yangu ni ya chuo kikuu cha umma nchini Tanzania. Msomaji wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya vyeo na ya sheria, lakini kazi yenyewe ni ileile.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Leja ya michango ya miaka mitatu iliyopita kutoka Idara ya Fedha, si orodha ya kumbukumbu za ofisi yako peke yake.
- Nakala za hati zote za makubaliano, barua za ahadi na hata barua pepe ambamo mfadhili alieleza anataka fedha zake zifanye nini.
- Jedwali moja la kompyuta lenye nenosiri. Programu maalumu ya kununua si lazima kwa chuo chenye wafadhili wasiozidi mia chache. Jedwali linalojazwa kila wiki lina faida kuliko programu ya gharama isiyofunguliwa.
- Laini ya simu na anwani ya barua pepe zilizosajiliwa kwa jina la ofisi. Hili si dogo. Mawasiliano na wafadhili yakikaa katika simu binafsi ya ofisa, siku akihamishwa huondoka nayo yote.
- Kalenda ya masomo na kalenda ya mwaka wa fedha wa chuo.
- Jina la mtu mmoja anayewajibika. Kamati husaidia, lakini kamati haipigi simu.
- Idhini ya maandishi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia mipango, fedha na utawala, kwa sababu utaomba taarifa kutoka idara ambazo haziko chini yako.

## Hatua ya 1: Linganisha orodha yako na vitabu vya mhasibu

Weka orodha ya wafadhili iliyoko ofisini kwako kando ya leja ya Idara ya Fedha, kisha upitie mstari kwa mstari. Orodha hizo hazitalingana. Kuna aliyelipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali bila kuja ofisini kwako, kuna kampuni iliyoipa idara ya kemia vifaa vya maabara moja kwa moja, na kuna kundi la wahitimu wa mwaka mmoja waliochangishana katika WhatsApp na kutuma fedha zote kwa jina la mwenzao mmoja.

Hatua hii hutangulia nyingine zote kwa sababu mfadhili aliyesahaulika katika orodha hatashukuriwa, hatapewa taarifa, na hutajua kwamba umempoteza.

Tahadhari: jina linaloonekana kwenye malipo ya simu ni jina la aliyesajili laini, na mara nyingi huyo si mtoaji. Baba anaweza kutuma mchango wake kwa laini ya bintiye. Kabla ya kuandika barua, piga simu na uulize kwa adabu: "Mchango huu tuuandike kwa jina la nani?" Swali hilo la nusu dakika huokoa aibu ambayo barua tatu za kuomba radhi haziwezi kuifuta.

Utajua umefaulu pale jumla ya jedwali lako itakapolingana na leja, au kila tofauti itakapokuwa na maelezo ya maandishi. Hesabu za vyuo vya umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa hiyo kazi hii itakusaidia pia siku wakaguzi watakapofika.

## Hatua ya 2: Chambua masharti na ahadi

Kwa kila mchango mkubwa, soma hati na uandike mambo matano: aliyetoa, kiasi, sharti alilolitoa, ahadi ambayo chuo kilimpa, na tarehe ambayo ahadi hiyo inapaswa kutimizwa. Usiandike kwa kumbukumbu. Mara nyingi utakuta chuo kiliahidi taarifa ya kila muhula, na hakuna mtu aliyewahi kuliona sharti hilo baada ya siku ya kutia saini.

Watu wa pwani wana msamiati mzuri wa jambo hili kwa sababu wamelizoea katika wakfu, yaani mali iliyotengwa moja kwa moja kwa ajili ya kheri. Wanachuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, wana kanuni kwamba sharti la mweka wakfu ni kama nassi (andiko) ya sheria: akisema mapato ya shamba yasomeshe mayatima, hayawezi kuhamishiwa kupaka rangi ofisi, hata kama ofisi inahitaji rangi. Mchango wenye sharti chuoni uheshimiwe hivyohivyo. Fedha iliyotolewa kwa wanafunzi wa uuguzi haiwi ya idara nyingine kwa sababu tu mwaka huu uuguzi una salio.

Mfuko wa kudumu unataka uangalifu zaidi. Tuseme familia imeweka shilingi 100,000,000 kwa kumbukumbu ya mzazi wao, na fedha hizo zimewekezwa katika hatifungani za serikali na kuzaa shilingi 10,000,000 kwa mwaka. Taarifa yako italazimika kuonyesha mambo manne bila kuyachanganya: mtaji ulivyo, faida iliyopatikana, kiasi kilichowasomesha wanafunzi, na kiasi kilichorudishwa kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiule kimyakimya. Familia nyingi hudhani shilingi milioni mia moja zote "zipo zinasomesha". Waeleze tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba mtaji wenyewe hauguswi.

Tahadhari: ukigundua sharti ambalo haliwezekani tena, kwa mfano programu ya masomo iliyofungwa, usilinyamazie wala usitafute tafsiri ya kulikwepa. Mwarifu mfadhili kwanza, umpendekezee matumizi yanayokaribiana na nia yake, na usubiri kibali chake kwa maandishi.

Mafanikio ya hatua hii ni jedwali ambalo mtu mgeni akilifungua anaweza kusema, bila kukuuliza, chuo kinadaiwa na nani taarifa gani na kwa tarehe ipi.

## Hatua ya 3: Jenga njia ya taarifa

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpigia simu mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akilipia masomo ya mabinti wawili. Nilitaka kumwomba aendelee. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, tukajuliana hali, kisha kabla sijafikia ombi langu akaniuliza: "Mwanangu, yule binti wa kwanza alimaliza?" Sikuwa najua. Nilimwomba anipe siku moja. Nilipofuatilia nikakuta binti alikuwa amehitimu miezi minane nyuma, tena kwa daraja zuri, na habari hiyo ilikuwa katika ofisi ya msajili, ghorofa moja chini ya meza yangu. Mzee aliendelea kuchangia, lakini tangu siku ile naanza kila mpango na swali lake.

Taarifa za mfadhili zimetawanyika chuoni. Idara ya Fedha inajua kilicholipwa na lini. Ofisi ya msajili inajua nani bado yuko masomoni, nani ameahirisha na nani amehitimu. Mshauri wa Wanafunzi anajua maisha yao nje ya darasa. Mkuu wa idara au amidi (mkuu wa kitivo) anajua kama mashine iliyotolewa inafanya kazi au imefunikwa kitambaa ikisubiri fundi. Hakuna hata mmoja kati yao anayekatalia taarifa kwa makusudi. Hawajaombwa, au wameombwa kwa haraka siku moja kabla ya hafla.

Fanya hivi. Andaa fomu ya ukurasa mmoja yenye maswali manne tu: Nani amenufaika, au kimenunuliwa nini? Amelipiwa kipi, kiasi gani, tarehe gani? Anaendeleaje, au kinatumikaje? Ni jambo gani halikwenda kama ilivyopangwa? Kila swali liwe na mwenyewe anayelijaza, ametajwa kwa cheo. Fomu ijazwe mara mbili kwa mwaka, baada ya matokeo ya kila muhula, na irudishwe katika siku kumi na nne.

Kisha omba waraka wa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo unaoitambulisha fomu hiyo na tarehe zake. Bila waraka, fomu yako ni ombi la mwenzako. Ukiwapo, ni sehemu ya kazi ya idara. Nenda wewe mwenyewe katika kila ofisi, ukae na karani au ofisa atakayejaza, na ujaze naye ya kwanza. Atakuonyesha swali gani halijibiki kwa namna kumbukumbu zao zilivyo, na utalirekebisha palepale.

Tahadhari: usiongeze maswali. Kila idara ikiona fomu yenye safu kumi na mbili, itaiweka chini ya mafaili mengine. Swali la nne pia lisiondolewe kwa hofu, kwa sababu ndilo litakalokuzuia kumwandikia mfadhili sifa za mashine iliyoharibika tangu Februari.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio. Chagua mchango mmoja wa mwaka jana, uufuate kutoka risiti hadi kwa mwanafunzi au kifaa, na uhesabu siku ambazo imekuchukua kupata jibu kamili. Ikiwa zimekuwa siku ishirini na moja, basi taarifa yoyote inayopaswa kutoka mwisho wa Septemba lazima ianze kutafutwa mapema mwezi Agosti, ili Septemba ibaki ya kuandika, kuhakiki na kutuma. Nambari hiyo ndiyo msingi wa kalenda yako.

Utajua njia imejengeka pale utakapoweza kujibu swali la mfadhili yeyote katika siku mbili za kazi bila kumtegemea mtu mmoja anayejua kila kitu.

## Hatua ya 4: Gawa wafadhili kwa uwezo wa mikono yako

Chuo chenye ofisa mmoja hakiwezi kumwandikia kila mtu barua ya peke yake kila mwezi. Piga hesabu ya mikono uliyo nayo. Tuseme una wafadhili 250. Kumi na wawili, ambao ndio kundi la kwanza, wapate mawasiliano manne ya ana kwa ana kwa mwaka, yaani simu, ziara au barua inayowahusu wao tu. Hayo ni 48. Sitini wapate mawili. Hayo ni 120. Waliobaki 178 wapate shukrani kwa kila mchango, taarifa ya mwaka na salamu za pamoja. Jumla ya mawasiliano binafsi ni 168, ambayo ni takriban matatu au manne kwa wiki. Mtu mmoja anaweza.

Usipange makundi kwa fedha peke yake. Mhitimu anayetuma shilingi 30,000 kila mwezi bila kukosa kwa miaka minne amekuonyesha kitu ambacho kampuni iliyotoa milioni ishirini mara moja haijakuonyesha. Mimi humweka mtoaji wa kudumu kundi moja juu ya pale kiasi chake kinapomweka, na sijawahi kujuta.

## Hatua ya 5: Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Anza na siku ambayo mfadhili anahitaji taarifa, kisha urudi nyuma hadi siku ya kuanza kuitafuta. Mabenki na makampuni mengi yana mwaka wa fedha unaoanza Januari, kwa hiyo bajeti zao za misaada hujadiliwa miezi ya mwisho ya mwaka. Taarifa inayowafikia Desemba imechelewa. Chuo cha umma, kwa upande wake, hufunga hesabu tarehe 30 Juni. Kati ya Juni na Septemba ndipo kazi yako kubwa ilipo.

Katika Julai, pata hesabu za kila mfuko zilizofungwa. Agosti, kusanya fomu baada ya matokeo ya muhula wa pili. Septemba, andika, hakiki na tuma. Chuo kinapofunguliwa, ambapo kwa vyuo vingi ni Oktoba au Novemba, wajulishe wafadhili wa masomo majina ya programu na idadi ya wanufaika wapya. Katika msimu wa mahafali, waalike wale ambao wanafunzi wao wanahitimu. Huo ndio mwaliko wenye uzito kuliko chakula chochote cha jioni. Januari na Februari ziwe miezi ya simu za kuwajulia hali bila kuomba chochote. Machi na Aprili, kusanya fomu ya muhula wa kwanza na panga ziara za maabara. Mei na Juni, zungumza na wale ambao ahadi zao zinamalizika.

Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa miladi, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka uliopita. Kumwalika mfadhili aliyefunga kwenye chakula cha mchana ni kosa linaloonyesha kwamba hamkumfikiria. Kwa wahitimu walioko Marekani, mwaka wa kodi huisha 31 Desemba, na atakaye nafuu ya kodi ya huko hulazimika kupitishia mchango wake katika shirika la hisani linalotambuliwa na sheria za huko. Mweleze mapema kama chuo kina njia hiyo au hakina. Unapompigia simu, saa mbili usiku ya Dar es Salaam ni mchana kwa aliyeko Washington.

Kalenda imekamilika ikiwa kila tukio lina jina la mtu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

## Hatua ya 6: Shukuru mapema na kwa undani

Risiti na barua zitoke katika siku mbili za kazi. Kwa kundi la kwanza, simu ifuate ndani ya juma moja. Barua iseme kiasi, sharti, matumizi yajayo na tarehe ya taarifa. Mfano:

> Mama yetu mpendwa,
>
> Tarehe 14 Machi tulipokea shilingi 1,500,000 ulizotoa kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa uhandisi. Risiti imeambatishwa. Fedha hizi zitatumika kuanzia Julai, zitalipia nauli na chakula cha wanafunzi watatu kwa majuma manane watakayokuwa viwandani. Ifikapo tarehe 30 Septemba nitakuandikia kukueleza walikokwenda na walichojifunza. Ukiwa na swali kabla ya hapo, namba iliyo juu ya barua hii ni ya ofisi yangu.
>
> Pokea shukrani zetu za dhati.

Angalia kwamba barua hii imejifunga kwa tarehe. Ndivyo inavyotakiwa, ilimradi tarehe hiyo imeshaingia kwenye kalenda kabla barua haijatiwa saini.

Zingatia namna ya kumwita mtu. Profesa aitwe Profesa, Sheikh aitwe Sheikh, Mchungaji aitwe Mchungaji. "Mzee" na "Mama" ni maneno ya heshima kwa aliyekuzidi umri na mnayefahamiana, lakini mkurugenzi kijana wa kampuni hatapenda kuitwa mama na mtu aliye rika lake. Kwake "Ndugu" au cheo chake kinatosha. Kwenye simu, anza kwa shikamoo pale inapostahili na mjuliane hali kabla ya kuingia katika shughuli.

Kampuni zitahitaji risiti rasmi yenye namba ya utambulisho wa mlipakodi kwa ajili ya hesabu zao. Waombe taarifa hizo siku wanayotoa mchango, si Machi wakati mhasibu wao anahangaika kufunga mahesabu.

## Hatua ya 7: Andika taarifa ya matumizi

Taarifa nzuri haizidi kurasa mbili. Huanza na fedha: kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki na kilipo. Huendelea na kilichotokea kwa watu au vifaa. Kisha hueleza ambacho hakikwenda sawa na hatua iliyochukuliwa. Humalizia na kinachofuata.

Sehemu ya tatu ndiyo ambayo viongozi wengi watataka kuifuta. Itetee. Mfadhili anayesoma kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano aliahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, na kwamba nafasi yake imehifadhiwa mpaka arudi, huamini kila kitu kingine kilichoandikwa katika ukurasa huo. Anayesoma sifa tupu hubaki na shaka, hata asipoisema.

Sasa kuhusu wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ya Kenya, zote zinahusu kumbukumbu unazozishika: za wafadhili na za wanafunzi pia. Chuo kinapaswa kuwa kimejisajili kwa mamlaka husika, na wewe unapaswa kuwa na ridhaa ya maandishi kabla ya kutuma jina, picha au matokeo ya mwanafunzi kwa mtu wa nje.

Zaidi ya sheria kuna utu. Nimeona binti wa mwaka wa kwanza akisimamishwa mbele ya ukumbi asimulie umaskini wa nyumbani kwao ili wageni waguswe. Wageni waliguswa, na yeye hakuonekana darasani kwa juma zima. Usifanye hivyo. Mwanafunzi aandike, akitaka, kuhusu anachosoma, alichogundua maabara, na anachotarajia kufanya. Hali ya nyumbani kwao si mali ya chuo ya kuonyesha. Barua yake usiiandike upya kwa lugha ya ofisi. Sahihisha tahajia tu, kwa ruhusa yake. Na asiyetaka kuandika asilazimishwe wala asipoteze ufadhili.

Mafanikio hapa yanasikika kwa urahisi: wafadhili huanza kukujibu, na majibu yao huwa na maswali mahususi kuhusu kazi yenyewe.

## Hatua ya 8: Tambua kwa namna anayoipenda mwenyewe

Muulize kila mfadhili, na uandike jibu katika jedwali: angependa jina lake litangazwe, liandikwe kwenye orodha tu, au lifichwe kabisa? Wako Waislamu na Wakristo wengi wanaoshika fundisho la kwamba mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, na kwao ngao jukwaani ni mzigo. Aliyetaka kufichwa afichwe kila mahali, ikiwa ni pamoja na taarifa ya mwaka na mitandao ya kijamii ya chuo.

Zawadi ziwe ndogo. Mfadhili anayepokea ngao ya gharama kubwa hujiuliza, kwa haki, kama imenunuliwa kwa fedha yake.

## Hatua ya 9: Jiandae kwa msiba na kwa habari mbaya

Mpango wa mwaka mzima utakutana na kifo. Mfadhili akifiwa, au akifariki mwenyewe, chuo kiende msibani. Si shada la maua na barua pekee, bali mtu mwenye cheo anayekaa pamoja na wafiwa. Weka fungu dogo la rambirambi na usafiri katika bajeti tangu mwanzo, kwa sababu msiba hausubiri kibali cha malipo. Usizungumzie mfuko wala ahadi iliyobaki siku hizo. Baada ya arobaini, au muda ambao familia inauona unafaa, wapelekee warithi maelezo ya kilichofanywa na marehemu chuoni, na uwaachie wao waseme kama wangependa kuendeleza.

Habari mbaya za chuo, kama vile ukaguzi uliobaini dosari katika mfuko au mgomo uliosimamisha masomo, wafadhili wa kundi la kwanza wazisikie kutoka kwako kabla hawajazisoma magazetini. Simu hiyo ni ngumu kupiga, na ndiyo inayokumbukwa kwa miaka mingi.

## Hatua ya 10: Omba tena, pima, kabidhi

Usiombe mchango mpya kabla taarifa ya mchango uliopita haijafika. Sifahamu sababu inayotosha kuivunja kanuni hii, hata dharura ya ada katika majuma ya mwanzo wa muhula. Kama taarifa haijakamilika, tuma iliyopo ikiwa na tarehe ya kukamilika, kisha ndipo uombe.

Pima mambo matatu tu. La kwanza ni wangapi kati ya waliotoa mwaka jana wametoa na mwaka huu: wakiwa 80 kati ya 200, ni asilimia 40, na lengo la mwaka ujao litokane na hapo. La pili ni taarifa ngapi zimetoka kwa tarehe iliyoahidiwa. La tatu ni fomu ngapi zimerudi kutoka idara ndani ya siku kumi na nne, kwa sababu hiyo ikishuka, mengine mawili yatashuka mwaka unaofuata. Kiasi cha fedha kilichopatikana kiripotiwe, lakini kisitumike kumpima ofisa. Mchango mmoja mkubwa unaweza kuficha wafadhili hamsini walioondoka.

Mwisho, andaa faili la makabidhiano na ulihuishe kila mwisho wa muhula, hata kama hutarajii kuondoka. Ndani yake kuwe na jedwali, kalenda, nakala za hati zenye masharti, nywila iliyofungwa katika bahasha kwa mkuu wa kitengo, na ukurasa mmoja kwa kila mfadhili wa kundi la kwanza: anavyopenda kuitwa, saa anayopokea simu, anachokijali, ahadi ya mwisho aliyopewa na tarehe yake. Ofisa mpya akija, mpigie simu mfadhili mkiwa wawili, umtambulishe, kisha umwachie mwenzako amalize mazungumzo.

Jaribu faili hilo kabla halijahitajika. Mpe mwenzako ambaye hafanyi kazi hii, umtajie jina la mfadhili mmoja, na umwombe akueleze fedha za mtu huyo ziko wapi leo. Akishindwa kujibu, angalia alikwama kwenye hatua ipi, na urudi kuirekebisha.